Uchoraji wa Warli: maana yake na jinsi unavyochorwa

Warli ni jina la watu kabla ya kuwa jina la picha. Ni jamii ya Waadivasi, wenyeji wa asili wa India, wanaoishi kaskazini mwa Mumbai, hasa wilaya ya Palghar katika jimbo la Maharashtra. Picha zao nyeupe juu ya ukuta mwekundu ndizo ziitwazo uchoraji wa Warli.

Ukuta wa fito hukandikwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, kisha husiribwa udongo mwekundu. Rangi ya kuchorea ni moja tu: unga wa mchele, maji, na gundi kidogo. Brashi ni kijiti cha mwanzi kilichotafunwa ncha hadi kikatoa nyuzi, kama mswaki wa mti. Rangi ikiwa nzito kama uji, hupasuka na kubanduka ikikauka. Bila gundi, ukipitisha mkono unga unabaki kiganjani. Mstari ukionekana hafifu usikimbilie kuongeza unga. Ukiwa mbichi haujatoa weupe wake.

Maumbo ni matatu. Mduara umetoka kwa jua na mwezi, pembetatu kwa milima na miti yenye ncha. Mraba haufanani na chochote porini: ni chauk, uwanja mtakatifu anamokaa Palaghata, mama wa rutuba. Huchorwa kwa ajili ya harusi, na kwa desturi wachoraji wake ni savasini, yaani wanawake ambao waume zao wako hai. Anayeuita pambo la ukutani anakosea.

Mtu ni pembetatu mbili zinazogusana ncha kiunoni. Hapa ndipo waigaji wengi hukwama: wanazipanga wima, watu wakasimama kama vigingi. Ilaze kidogo ile ya juu, na mtu yuleyule anapanda mpunga au anacheza. Ngoma ya tarpa inaonyesha hili vizuri: mpiga tarpa, zumari la kibuyu na mianzi, yuko ndani, wachezaji wameshikana wakijikunja kumzunguka kama gamba la konokono.

Katika miaka ya 1970 mchoraji wa Kiwarli, Jivya Soma Mashe (1934–2018), alianza kuchora kila siku, bila kungoja harusi. Nyavu za samaki na shughuli za kijiji zikajaza picha nzima, mraba ukaachwa. Mwaka 2011 alitunukiwa Padma Shri, nishani ya taifa la India. Hata alipohamia kwenye kitambaa, alikipaka samadi kwanza.