Tamari: jina la mti, si jina la mkosi

Nafundisha Kiebrania cha Biblia, lakini watu wakinisimamisha njiani huwa si kwa ajili ya sarufi. Wanataka maana ya majina ya watoto. Juzi alikuwa mama mmoja, kichanga mgongoni.

"Shikamoo mwalimu. Huyu nimempa Tamari, sasa mama mkwe amekataa. Anasema kina Tamari wa kwenye Biblia waliandamwa na mabalaa. Nibadilishe?"

Tuanze na neno lenyewe. Huandikwa kwa herufi tatu, tau, mem na reshi, na maana yake ni mtende. Basi, hakuna fumbo. Hiyo "i" ya mwisho tumeiongeza sisi; Kiebrania husema Tamar, Warusi Tamara. Waarabu wana mzizi huohuo: kwao tamr ni tende iliyokauka, na mti wanauita nakhla. Ukwaju nao wakauita tamr hindi, tende ya India, na jina hilo likasafiri hadi Ulaya.

Kwa nini binti aitwe mtende? Mitende ina miti dume na miti jike, na anayezaa ni jike peke yake. Mkulima hukwea na kichala cha maua ya dume, akakipachika katikati ya maua ya jike, mti baada ya mti. Tena huo ni mti unaovumilia jua kali na maji ya chumvi ambayo mwembe usingeyaweza. Wimbo Ulio Bora, sura ya 7, unamsifu mwanamke kwa kimo cha mtende. Na mwaka 2005 huko Israeli ilipandwa mbegu ya tende iliyofukuliwa kwenye ngome ya kale ya Masada, ya miaka kama 2,000, ikaota! (Ilitokea kuwa dume, wakaiita Methusela.)

Sasa mama mkwe. Hajasema uongo. Tamari wa Mwanzo 38 alifiwa na waume wawili, kisha mkwewe Yuda akamzungusha kwa ahadi asizotimiza. Yule wa 2 Samweli 13 alinajisiwa na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Ila tatizo la kusoma hivi ni kufunga kitabu mapema. Geuza ukurasa: Absalomu, kaka yake huyo binti, anapata mtoto wa kike na kumwita Tamari, jina la shangazi yake. Wangeliona lina mkosi, wangelirudia? Na kule Bethlehemu, watu wa langoni wanapomwombea baraka Boazi, anayemwoa Ruthu, wanasema nyumba yake iwe kama ya Peresi, mtoto ambaye Tamari alimzalia Yuda. Yaani jina hilo lilikuwa tayari dua ya arusi. Mathayo naye amemtaja katika ukoo wa Yesu, ukoo uliojaa wanaume. Nje ya Biblia, nchi ya Georgia, jirani ya Urusi, ilikuwa na Malkia Tamar, aliyetawala kuanzia 1184 hadi 1213.

Nikamwambia asibadilishe. Akacheka. "Basi niandikie, mwalimu, maana mimi nikisema hanisikii."

Nikachana karatasi, nikaandika: Ruthu 4:12. 2 Samweli 14:27.