Umenunua nyumba ya kwanza kwa mkopo? Isome bima ya benki kabla ya kuitegemea

Anayenunua nyumba kwa mkopo Tanzania hukuta suala la bima limeshamalizwa. Katika rundo la karatasi anazosaini kuna fomu ya bima ya jengo, ada imejumlishwa kwenye gharama za mkopo, na kampuni ya bima imependekezwa na benki yenyewe. Anasaini, anapokea funguo, anahamia. Hati ya bima yenyewe wengi hawajawahi kuishika mkononi, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Bima hiyo ni halali na ina kazi yake, ila kazi yake ya kwanza ni kulinda fedha za benki. Ukiisoma utakuta benki imetajwa kuwa ya kwanza kulipwa endapo nyumba itateketea. Wewe unapata kinachobaki, kama kipo. Mara nyingine thamani iliyokatiwa bima ni kiasi cha mkopo tu, na fedha ulizotanguliza mfukoni mwako hazina kinga yoyote. Samani, friji, televisheni na nguo kwa kawaida hazimo kabisa. Usiichanganye pia na bima ya maisha ya mkopaji, ile inayomaliza deni mkopaji akifariki. Huo ni mkataba mwingine, na nyumba ikiungua hautakusaidia.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, omba nakala ya hati ya bima na utazame sehemu moja kuliko zote: thamani iliyokatiwa bima. Kosa likiwa hapo, hata kampuni yenye nia njema haitaweza kukulipa fidia inayotosha.

Thamani sahihi ni gharama ya kuijenga upya nyumba ileile. Bei uliyonunulia ni kitu kingine, na deni la benki ni kitu kingine. Tuseme umenunua nyumba Mbezi kwa shilingi milioni 180, kiwanja peke yake kikiwa na thamani ya milioni 70. Ardhi haiungui, kwa hiyo hakuna sababu ya kuilipia ada. Kwa upande mwingine, kuijenga upya kunaweza kuzidi milioni 110 zilizobaki, kwa sababu utalipia kubomoa na kuondoa kifusi, michoro na kibali, fundi na vifaa kwa bei ya mwaka huo. Na wengi husahau ukuta wa uzio, geti, kisima, tangi la maji, sola ya paani na vyumba vya uani. Visipotajwa kwenye hati, huenda vikahesabiwa kuwa havijakatiwa bima.

Wapo wanaopunguza thamani kwa makusudi ili ada iwe ndogo, wakiamini kwamba hasara ndogo italipwa yote. Hapa ndipo kanuni ya wastani inapowaumiza. Nyumba ingegharimu milioni 120 kujengwa upya, wewe umeikatia bima ya milioni 60, yaani nusu. Moto unaunguza jiko na sehemu ya paa, hasara ya milioni 20. Ungetarajia milioni 20, maana ziko chini ya 60 ulizokatia. Lakini kampuni itakuhesabia kuwa nusu ya nyumba ulijikatia bima mwenyewe, hivyo itakulipa milioni 10, na humo itatoa kile kiasi cha hasara ambacho mkataba unasema utakibeba mwenyewe. Kwa mwenye nyumba, hiki ndicho kifungu kigumu kuliko vyote katika bima ya jengo, na kinaumiza zaidi kwa sababu anakifahamu siku ya madai.

Dawa yake si ghali. Ripoti ya uthamini iliyotumika kuombea mkopo mara nyingi huwa na kipengele cha gharama ya kujenga upya, mbali na thamani ya soko na thamani ya kuuza kwa haraka. Ripoti hiyo umeilipia wewe, omba nakala. Kama umenunua taslimu, mtafute mthamini au mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa akufanyie hesabu. Kisha kila mwaka, kabla ya kuhuisha bima, uitazame upya. Saruji, nondo na bati havikai bei moja.

Mikataba ya msingi hukinga moto, radi na milipuko, kama ya mtungi wa gesi. Mafuriko, dhoruba, tetemeko la ardhi, ghasia, kupasuka kwa mabomba na wizi wa kuvunja huweza kuwamo au kuongezwa kwa ada ya ziada, na kampuni hazifanani. Uliza kila janga kwa jina lake. Aliyenunua karibu na Bonde la Msimbazi asikubali mkataba usiotaja mafuriko kwa maandishi, kwa kuwa Dar es Salaam ya Desemba 2011 tunaikumbuka. Mwenye nyumba Bukoba anakumbuka tetemeko la Septemba 10, 2016, na Katesh, mkoani Manyara, wanayakumbuka maporomoko ya tope ya Desemba 2023. Maporomoko ya ardhi hasa yaulizie peke yake, maana neno mafuriko kwenye mkataba si lazima liyabebe. Uchakavu, mchwa, unyevu na kasoro za ujenzi ni jukumu la mwenye nyumba. Angalia pia kifungu cha nyumba kukaa tupu. Mikataba mingi husitisha baadhi ya kinga nyumba isipokaliwa kwa muda mrefu, mara nyingi siku 30, na hili linamhusu anayenunua leo akitarajia kuhamia mwakani.

Fomu ya maombi ijaze mwenyewe. Wakala anaweza kukuelekeza, lakini majibu ni yako na sahihi ni yako. Kama sebuleni kuna cherehani tatu za biashara, kama unauza mitungi ya gesi barazani, kama vyumba viwili umepangisha, sema. Ada huenda ikapanda kidogo. Ukificha, kampuni inaweza kukataa madai yote, hata kama moto haukuanzia kwenye mitungi. Jina nalo lilingane na umiliki. Nyumba nyingi zimenunuliwa kwa fedha za ndugu aliye Oman au Uingereza, huku hati ya nyumba ikiwa na jina la aliyebaki nyumbani. Mkae muelewane nani ana maslahi gani, na kampuni iambiwe mapema kwa maandishi.

Mnunuzi wa fleti ana hesabu nyepesi kidogo. Chini ya sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za jengo, jengo zima hukatiwa bima na umoja wa wamiliki. Uliza kama bima hiyo ipo na inaisha lini, halafu wewe ukate ya vitu vya ndani.

Kinga haianzi kabla ada haijalipwa. Lipa kwa akaunti ya kampuni au kwa namba ya malipo, usimpe mtu fedha mkononi, kisha hakiki hati yako kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Uhakiki huo ni wa dakika chache, na ndio unaokuonyesha kama hati uliyonayo ni ya kweli.

Janga likitokea, okoa watu kwanza, piga 114 kwa Zimamoto, kisha iarifu kampuni siku hiyohiyo kwa njia inayobaki na kumbukumbu. Wizi unahitaji taarifa ya polisi. Piga picha kabla ya kusafisha, na usibomoe wala kutupa chochote mpaka mtathmini wa hasara afike, isipokuwa pale ambapo ukuta unahatarisha maisha. Risiti za vitu vya ndani zipige picha leo na uzitunze nje ya nyumba, kwenye barua pepe kwa mfano.

Ukikataliwa madai, dai sababu kwa maandishi na kifungu kilichotumika. Usiporidhika na majibu ya kampuni, yapeleke malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiwa na hati, fomu uliyojaza na barua zote mlizoandikiana.