Unabuni dini ya kifo? Kwanza ondoa mafuvu

Kila anayebuni ulimwengu wa kifantasia hatimaye huweka ndani yake dini ya kifo na kuzaliwa upya. Dini hiyo huja na sare yake: majoho meusi, mafuvu, pango la giza, kuhani mwenye sauti ya kukwaruza. Nimezisoma nyingi, nikabuni na yangu moja (ndiyo, ilikuwa na mafuvu). Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angejiunga nayo.

Dhana: Wanaomwabudu mungu wa kifo wanakipenda kifo.

Hakuna waliosingiziwa hili kama Wamisri wa kale. Tukiona piramidi na maiti zilizokaushwa, tunasema hao walizama katika mauti. Lakini tazama kuta za makaburi yao: watu wanalima, wanavua samaki, wanaoka mikate, wanapika bia. Hata ahera yao njema, Shamba la Matete, ilikuwa na mazao ya kuvunwa, na maiti alizikwa na visanamu viitwavyo ushabti vimfanyie kazi huko. Waliupenda uhai mno, wakakataa kuuachia.

Osiris, mfalme wa wafu, walimchora mara nyingi akiwa na ngozi ya kijani au nyeusi, rangi za mimea na za udongo wa mto Nile. Ndani ya kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa na Howard Carter mwaka 1922, kulikutwa fremu ya mbao yenye umbo la Osiris, imejazwa udongo na kupandwa nafaka. Mbegu zilikuwa zimechipua. Ukitaka alama ya dini yako, anza na hiyo.

Dhana: Mungu wa kifo lazima awe mwovu.

Anubis, mungu wa Wamisri, aliwalinda wafu. Hades wa Wagiriki aliogopwa hata jina lake likakwepwa, lakini hakuwa adui wa miungu wenzake. Alikuwa na himaya yake, akaitawala. Kumgeuza shetani ni kumvika joho la dini nyingine.

Dhana: Kuzaliwa upya ni zawadi.

Hapa ndipo wabunifu wengi tunapojikwaa. Katika Uhindu na Ubudha, mzunguko wa kufa na kuzaliwa, samsara, ni kifungo. Kinachotafutwa ni kutoka: Wahindu husema moksha, Wabudha nirvana. Tena Wabudha hawakubali kwamba kuna roho isiyobadilika inayohama mwili mmoja hadi mwingine. Mfano wao wa kale ni mwali wa taa unaowasha taa ya pili. Je, ni mwali uleule? Swali hilo peke yake linatosha kuigawa dini yako ya kubuni madhehebu mawili yasiyosalimiana. Na muumini anayeomba asirudi duniani ana hadithi nzito kuliko yule anayeomba arudi.

Hata Osiris, baada ya kuuawa na nduguye Set na kuhuishwa na mkewe Isis, hakurudi kutawala walio hai. Kiti chake alikikalia mwanawe, Horus.

Dhana: Ahera ni hukumu ya wema na uovu.

Kwa Wamisri, ndiyo: moyo ulipimwa kwenye mizani dhidi ya unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki. Kwa Waazteki wa Mexico ya kale, lililokuwa na uzito zaidi ni namna ulivyokufa. Shujaa aliyeuawa vitani alifuatana na jua, na mwanamke aliyefariki akijifungua alipewa heshima hiyohiyo. Aliyezama majini alikwenda kwa Tlaloc, mungu wa mvua. Wengi waliobaki walitembea miaka 4 hadi Mictlan, nchi ya wafu, wawe wema au wabaya. Fikiria jinsi imani hiyo inavyobadilisha namna watu wanavyoagana asubuhi.

Dhana: Siri za dini hizi hutunzwa na wachache.

Huko Eleusis, karibu na Athens, ibada za Demeter, mungu wa kike wa nafaka, na bintiye Persephone, aliyekwenda kuzimu na kurudi, zilipokea wanawake na watumwa pia. Masharti yalikuwa kuelewa Kigiriki na kutokuwa na damu ya mtu mikononi. Ziliendelea kwa zaidi ya miaka 1,000, maelfu kwa maelfu wakaingia ukumbini, wakatoka wakiwa na matumaini mema juu ya kifo. Walichoonyeshwa mle ndani hawakukisema.