Homoni Zinavyoyakinga Maharage Dhidi ya Ozoni

Majani ya maharage yanapojaa madoa madogo ya rangi ya shaba upande wa juu, huku mishipa yake ikibaki ya kijani, wengi hudhani ni ukungu au wadudu. Mimi, kama mtaalamu wa fiziolojia ya mimea, huuliza pia kuhusu hewa. Ozoni ya karibu na ardhi hutokea pale moshi wa magari na viwanda unapopigwa na jua kali, na kwa kuwa husafiri na upepo, hata shamba lililo mbali na mji halisalimiki.

Gesi hii huingia kupitia stomata, yaani vitundu ambavyo jani hupumulia, kisha huzalisha kemikali kali zinazounguza utando wa seli. Kinga ya kwanza ni kuvifunga vitundu hivyo, na anayetoa amri ni asidi ya absisiki, homoni ileile inayoutetea mmea wakati wa ukame. Ikifika kwenye seli mbili zinazokizunguka kila kitundu, chembe zenye chaji hutoka, maji huzifuata, seli hunywea na kitundu hujifunga. Mojawapo ya njia za kupitishia chembe hizo, SLAC1, ilitambuliwa mwaka 2008 kwa msaada wa mimea ya Arabidopsis, mmea mdogo unaotumiwa sana katika utafiti, iliyodhurika upesi kwa ozoni kwa sababu stomata zake hazikufunga ipasavyo.

Homoni inayonitia wasiwasi zaidi ni ethilini. Jani lililojeruhiwa huitoa kwa wingi ndani ya saa chache, nayo huchochea seli jirani kufa, na katika baadhi ya mimea huzifanya stomata zisiisikie asidi ya absisiki. Ndiyo maana ozoni ikikutana na ukame, mmea wenye kiu huweza kuendelea kupoteza maji na kuvuta sumu kwa pamoja. Homoni nyingine, asidi ya jasmoni, kwa upande wake huzuia vidonda visisambae.

Kunyunyizia homoni shambani si jibu jepesi, maana stomata zilizofungwa huzuia pia hewa ya ukaa, ambayo jani hutengenezea chakula. Naona tumaini kubwa zaidi katika uteuzi wa mbegu. Aina mbili za maharage zilizoteuliwa Marekani, S156 na R123, huzaa kwa kukaribiana hewa ikiwa safi. Ozoni ikizidi, S156 hupoteza sehemu kubwa ya mavuno yake ilhali R123 hustahimili.