Septiki juu ya matumbawe: dhana potofu kuhusu huduma za wageni kwenye kaya

"Tutajenga choo cha kisasa, cha maji, chenye septiki, kwa hiyo hakuna uchafuzi." Ukikaa na kamati za kuboresha huduma za wageni kwenye kaya za Pwani ya Kenya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, utaisikia kauli hii mpaka uchoke. Kwa kaya zilizo karibu na bahari, kama Kinondo kule Kwale, choo hicho ndicho uchafuzi wenyewe.

Tanki la septiki halisafishi maji taka. Linatuliza vizito chini na mafuta juu, basi. Maji yatokayo upande wa pili bado yamejaa vijidudu, na kazi ya kuviua imeachiwa udongo unaozunguka shimo la kufyonzea. Udongo upi? Huko chini ni jiwe la matumbawe, limejaa nyufa na matundu, na udongo wa juu ni kiduchu. Maji hayachujwi humo, yanapita tu. Ile kanuni ya mita 30 kati ya choo na kisima ilikusudiwa ardhi inayochuja. Kwenye mwamba wenye nyufa haikukingi. Anayebisha akaangalie visima vya ufukweni vinavyopanda na kushuka kufuata maji kujaa na kupwa. Ikiwa bahari inafika kisimani, maji ya chooni yatashindwaje?

Kinachofaa ni choo kikavu cha kutenganisha mkojo: vyumba viwili vilivyoinuliwa juu ya ardhi, sakafu ya zege isiyopenyeza maji. Kimoja kinatumika, kingine kimefungwa, na kilichofungwa kikae mwaka mzima kabla ya kuchotwa. Kila anayemaliza haja kubwa anamwaga kopo la jivu kavu. Bomba la hewa liwe la inchi 4, lipite juu ya paa, lifungwe wavu usioshika kutu, maana hewa ya chumvi hula wavu wa kawaida upesi. Bomba la mkojo liwe la plastiki, milimita 50, lenye mteremko na lisilo na kona kali, la sivyo chumvi za mkojo huganda na kuliziba.

Na hapa ndipo michoro ya kunakili inapoharibu kazi. Watu wa Pwani huchamba kwa maji. Mchoro usio na mahali pa kuchambia unayapeleka maji hayo chumbani, jivu linakuwa uji, funza wanajaa, kisha lawama inakwenda kwa choo kikavu kwamba kinanuka. Weka tundu la tatu pembeni, mbali na la mkojo na la kinyesi, na maji yake yaende kwenye kitalu cha migomba kilichoinuliwa, chenye karatasi ya plastiki chini. Mlipe pia mtu wa kuleta jivu. Jivu likikosekana wiki moja, choo kimekufa.

"Njia ya zege itazuia mmomonyoko." Inauhamisha. Mvua ya masika hukimbia juu ya zege na kuchimba kingo zake, huku mizizi iliyotambaa juujuu ikikosa hewa. Njia yenye upana wa sentimita 90 inatosha. Wageni hufuatana msururu nyuma ya kiongozi. Penye mizizi mingi, weka njia ya mbao juu ya nguzo zilizokalishwa kwenye mawe, si zilizochimbiwa.

"Mahali pa kuchimba anaamua mhandisi." Ndani ya kaya kuna makaburi na fingo, yaani kago la ulinzi lililofukiwa ardhini, na lilipofukiwa fingo mgeni haonyeshwi. Basi wazee watembee eneo lote kabla ya kigingi cha kwanza, nao wakisema hapa hapaguswi, usidai sababu. Choo, kibanda cha tiketi, egesho la magari na pale wageni wanapofungwa kaniki, vyote vikae nje ya msitu, penye ardhi iliyokwisha kufyekwa.

"Ni urithi wa dunia tangu 2008, kibali ni cha UNESCO." Sivyo. Leseni ya mazingira hutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kaya zilizotangazwa turathi za taifa husimamiwa na Makavazi ya Taifa ya Kenya. Kwa kazi kubwa, serikali huijulisha Kamati ya Urithi wa Dunia mapema, michoro ikiwa bado inaweza kubadilishwa.

"Taa za usiku ni usalama." Ziara ni za mchana. Unawamulikia popo?

Vibao navyo visimame kwenye nguzo zake, langoni. Msumari kwenye mti ambao mgeni anakatazwa kuvunja hata kijiti chake, huku kibao chenyewe kikisomeka "Usiharibu miti", wazee hawakuhitaji kuelezwa ubaya wake.