Shughuli ya vitendo ya siku ya kwanza ya jiometri ni nini?

Ni kazi ya mikono anayopewa mwalimu tarajali kabla fasili au kanuni yoyote haijaandikwa ubaoni. Anakunja, anakata, anapanga, kisha anatakiwa aseme ameona nini na kwa nini iko hivyo. Hiyo "kwa nini" ndiyo inayoitenga na michezo ya kuchangamsha darasa.

Mfano mzuri ni kukunja pembetatu. Kila mmoja apewe karatasi ya A4, rula na mkasi, akate pembetatu isiyofanana na ya jirani. Zikifanana zote, darasa zima litakuwa limejaribu mfano mmoja tu. Tuiite ABC, na BC uwe upande mrefu kuliko yote. Kunja mkunjo unaopita A huku BC ukijilalia wenyewe. Mkunjo unapogusa BC ndipo D. Fungua. Sasa leta A juu ya D, kisha B, mwisho C. Pembe tatu zinakutana D bila pengo wala kupandana, zinajaza mstari mnyoofu: nyuzi 180.

Kinachobaki mkononi ni mstatili wa nusu ya BC kwa nusu ya AD, karatasi ikiwa tabaka mbili kila mahali. Eneo la pembetatu, yaani nusu ya kitako mara kimo, linaonekana hapo hapo bila kukariri.

Wengi hukwama kwa kuchagua kitako ovyo. Kitako kikiwa na pembe butu, D inaangukia nje ya karatasi. Mkufunzi asikimbilie kumwokoa. Mwalimu tarajali aeleze mwenyewe kilichotokea. Wanaochana pembe badala ya kukunja nao hupoteza ncha za asili kati ya zile za kuchanika, kwa hiyo wachore tao dogo kwenye kila pembe kwanza. Kipimapembe kikae kabatini: mmoja atapata 178, mwingine 181, na mjadala utahamia kwenye makosa ya kupima.

Kukunja si uthibitisho, maana jicho halitofautishi 180 na 179.5. Uthibitisho unaanza kwa swali: mbona B inafika D sawasawa? Mkunjo ulioshusha A hadi D uko sambamba na BC na unapita katikati ya AD, hivyo unakata AB katikati pia, tuseme E. Basi EA, EB na ED ni sawa, na pembetatu EBD ikikunjwa katikati, B lazima ilalie D. (Yote haya ni ya karatasi bapa. Juu ya mpira unaweza kuchora pembetatu yenye pembe mraba tatu, jumla nyuzi 270.)

Mkufunzi naye hupata picha ya darasa lake. Mwaka 1957 Waholanzi Dina van Hiele-Geldof na Pierre van Hiele walieleza kuwa fikra za jiometri hupanda kwa ngazi, kuanzia kutambua umbo kwa sura yake, kisha sifa zake, kisha uhusiano wa sifa hizo. Waulize: mraba ni mstatili? Anayekataa huenda bado anahukumu kwa sura. Mpe pembetatu ya kitako sm 12 na kimo sm 12, kilele kikiwa juu ya katikati ya kitako, aikunje kwa hatua zilezile, BC safari hii ikiwa kitako hicho cha sm 12 ingawa si upande mrefu kuliko yote. Atapata mraba wa sm 6, na itambidi aamue kama kanuni yake ya "mstatili" imevunjika au la.