Kwa nini watu wa Lamu waliikubali kafyu, wakamkataa askari mlangoni?

Je, wajua kwamba katika Ramadhani ya 2020 mtu wa Lamu hakuweza kwenda kusali isha kwa jirani bila kuvunja sheria? Kafyu ya korona, ile amri ya kutotoka nje usiku, ilianza saa moja usiku. Mwezi ule jua la huku pwani ya Kenya lilitua kama saa kumi na mbili na robo. Ukishafuturu na kusali magharibi, isha haijaingia na tayari amri ya serikali imekufungia mlango. Misikiti yenyewe ilikuwa imefungwa tangu Machi. Tarawehe tulizisali majumbani, baba akiwa imamu, watoto safu moja nyuma yake.

Watu hawakubishana sana na hilo. Waliumia, wengine walilia, lakini walikaa ndani. Hasira ilikuja kwingine: pale buti zilipolia kichochoroni, tochi ikamulika mlango, na sauti ikataka kujua humo ndani mmo wangapi. Mtu aliyekuwa akisema maradhi haya ni ya kweli, tutulie majumbani, ndiye huyo huyo aliyesema askari hana haki ya kunihesabia wageni. Ukitazama kwa mbali utadhani anajipinga. Mimi nilikuwapo, na naamini hakujipinga hata kidogo.

Nianze na upande wa kukubali, maana ndio unaosahauliwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye, tarehe 27 Machi, kafyu ikaanza nchi nzima, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Lamu haikutajwa katika amri hiyo, lakini barabara yetu ya kwenda Mombasa hupita Malindi, na Malindi imo Kilifi. Kwa hiyo hadi mapema Juni, Kilifi ilipofunguliwa, nasi kwa basi tulikuwa kama tuliofungwa.

Kwa nini watu walivumilia? Woga ulikuwapo, bila shaka. Lakini kulikuwa na jambo la zamani zaidi. Kila aliyepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani amewahi kusikia hadithi ya Mtume juu ya tauni: mkisikia imeingia nchi fulani msiingie, na ikiwakuta mlipo msitoke kwa kuikimbia. Amesikia pia kwamba Umar bin Khattab, alipokuwa khalifa, alikuwa njiani kwenda Sham, upande wa Syria, akaambiwa kuna tauni, naye akageuza msafara. Sahaba Abu Ubaida akamuuliza kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Kwa mtu mwenye kisa hiki kichwani, karantini si jambo lililotoka Nairobi serikalini wala Geneva kwa Shirika la Afya Duniani. Ni jambo analolijua.

Sasa njoo mlangoni. Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa kwa ngazi za kukaribishwa. Nje kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mwanamume hukaa na kupokea watu wasio wa ndani. Ukivuka mlango unafika tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na tekani imepindishwa makusudi ili apitaye njiani asione kiwanda, yaani ua wa ndani, achilia mbali misana, zile kumbi ndefu nyembamba, na vyumba vya ndani. Katika mitaa ya zamani kuna na wikio, kile chumba kinachopita juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili. Kupitia wikio mwanamke aliweza kumtembelea jirani yake bila kukanyaga barabara. Mtu huyo, kafyu ingemkuta wapi? Ametoka nje au yumo ndani? Sheria imeandikwa kana kwamba ukuta unatenganisha familia na umma, na mji wetu haukujengwa hivyo.

Neno la vitabuni ni faragha. Neno lililo midomoni mwa watu ni sitara. Nyumba ni sitara, na anayeingia bila ruhusa amekuvua nguo mbele za watu. Ndiyo maana hodi si adabu ya juu juu. Sura ya An-Nur, aya ya 27 na 28, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka wapewe ruhusa na wawasalimu wenyewe, na wakiambiwa rudini, warudi. Tumefundishwa hodi tatu. Zisipoitikiwa, unaondoka, hata kama unasikia watu wanazungumza ndani.

Na hapa Umar anarudi. Kuna kisa kinachosimuliwa kwa namna zaidi ya moja, kwamba usiku mmoja akifanya doria Madina alisikia sauti za walevi ndani ya nyumba. Akaparamia ukuta, akawakuta na pombe yao. Mwenye nyumba akamwambia: mimi nimemuasi Mungu mara moja, wewe umemuasi mara tatu. Mungu amesema msipelelezane, nawe umepeleleza. Amesema ingieni majumbani kwa milango yake, nawe umepita ukutani. Amesema msiingie bila ruhusa, nawe hukubisha hodi. Umar akamwacha, akaenda zake.

Visa viwili, mtu mmoja. Aliyegeuza msafara mzima kwa ajili ya tauni ndiye aliyekubali kwamba hata kosa la kweli halimpi mtawala ruhusa ya kupanda ukuta. Sioni njia nzuri zaidi ya kueleza kilichokuwa nyoyoni mwa watu hapa 2020. Amri waliipima kwa kisa cha kwanza, askari wakampima kwa cha pili.

Kuna jambo la mikusanyiko yenyewe pia. Serikali iliposema mazishi yasizidi watu 15, ilikuwa na picha ya familia: baba, mama, watoto, pengine na babu. Huku kwetu watu 15 hawatoshi hata kupokezana jeneza. Kulibeba ni thawabu, kila mtu hutaka hatua zake chache, na aliyekosa maziko ya jirani huulizwa alikuwa wapi. Halafu kuna hitima, kile kisomo cha kumwombea marehemu, kuna wanawake wanaokaa na mfiwa siku tatu, kuna wapishi. Utamwambia nani abaki nje? Mtoto wa ami aliyelelewa nyumba hiyo hiyo ni mgeni? Harusi ni vivyo hivyo. Nikaha ilibaki, ya watu wachache sebuleni, lakini siku za hina na kupamba zikafutwa, na wapo mabibi harusi wa mwaka ule ambao mpaka leo mama zao wanasema hawakuolewa, waliondoka tu. Baadaye kiwango kiliongezwa hadi 100, Julai 2020, na sala za jamaa zikarudi kwa masharti. Wenye miaka zaidi ya 58 wakaambiwa wabaki nyumbani, yaani karibu safu yote ya mbele ya msikiti wowote wa Lamu.

Sitaki kuficha upande wa pili. Ugonjwa ule ulipenda hasa vyumba visivyo na hewa, watu wamebanana, wanasoma kwa sauti, wanakula pamoja. Hitima ya watu 60 katika msana mwembamba ilikuwa hatari ya kweli, kwa wazee kwanza. Muuguzi aliyesema mikusanyiko ya majumbani ndiyo itakayotumaliza hakuwa adui wa mila. Alikuwa sahihi. Na mtu aliyeita watu 60 kwa siri kisha akadai sitara alikuwa akiitumia sitara vibaya. Suala ni nani amwambie, na kwa namna gani.

Namna ilikuwa imeharibika tangu siku ya kwanza. Jioni ya tarehe 27 Machi, saa moja haijafika, watu waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni, Mombasa, walipigwa na kurushiwa gesi ya kutoa machozi. Siku tatu baadaye, huko Kiamaiko, Nairobi, mvulana wa miaka 13, Yassin Moyo, alipigwa risasi na kufa akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Hakuwa barabarani, alikuwa kwao. Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba radhi Wakenya tarehe 1 Aprili kwa nguvu zilizotumika. Tarehe 16 Aprili, katika kesi ya Chama cha Wanasheria, Jaji Weldon Korir aliamua kwamba kafyu yenyewe ni halali, ila nguvu zilizotumiwa na polisi kuitekeleza zinakiuka katiba. Mapema Juni, IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi, ilisema imepokea malalamiko 87, yakiwamo ya vifo 15. Jaji aliitenganisha amri na mtekelezaji, jambo ambalo watu wa mitaani walikuwa wamekwisha kulifanya bila kufika mahakamani.

Lamu ilikuwa na kumbukumbu yake zaidi ya hiyo. Sisi kafyu hatukuijulia korona. Baada ya mauaji ya Juni 2014 huko Mpeketoni, mji mmoja wa kaunti yetu, kaunti iliwekewa amri ya kutotoka usiku kwa miezi kadhaa, na mwaka 2017 sehemu za kaunti ziliwekewa tena. Uvuvi wa usiku nao ulipigwa marufuku kwa miaka. Wakati huo askari mlangoni alikuwa akitafuta magaidi, na mwenye nyumba alijua anatazamwa kama mshukiwa. Miaka michache baadaye buti zile zile zinakuja kwa ajili ya afya yako. Moyo haubadiliki haraka kiasi hicho. Ongeza kwamba waliokamatwa kwa kuvunja kafyu 2020 wengine walipelekwa karantini kwa lazima na kudaiwa gharama zake, hata tiba ikageuka adhabu, na watu wakaogopa kusema wana homa.

Wataalamu wana maelezo yao. Tom Tyler, Mmarekani, alichunguza kwa nini watu hutii sheria, akitumia mahojiano na wakazi 1,575 wa Chicago yaliyofanywa miaka ya 1980. Aligundua kwamba hofu ya kukamatwa haina uzito tunaoudhania. Watu hutii wanapoona kwamba anayewaamuru ana haki ya kuamuru, na haki hiyo wanaipima kwa jinsi anavyowatendea: anawasikiliza? Anawaheshimu? Anawapima wote kwa kipimo kimoja? Mtu anaweza hata kupokea uamuzi unaomuumiza akiona ametendewa kwa uadilifu.

Kipimo kimoja ndicho kilichowashinda Waingereza. Kuanzia tarehe 14 Septemba 2020, Uingereza iliweka kikomo cha watu sita kukutana, ndani au nje ya nyumba. Faini ilianzia pauni 100, na aliyeandaa mkusanyiko wa zaidi ya watu 30 aliweza kutozwa pauni 10,000. Waziri mmoja akawahimiza watu kuwaripoti majirani. Waziri Mkuu Boris Johnson mwenyewe akasema hapendi tabia ya kuchongeana, ila kama ni karamu kubwa. Wengi waliitii sheria ile, wakazika wazazi wao bila kukumbatiana. Kisha ikajulikana kwamba ofisini kwa Johnson watu walikuwa wakikusanyika na kunywa. Polisi wa London wakatoa faini 126 kwa watu 83, yeye akiwa mmojawao, akitozwa yake Aprili 2022. Uchungu wa wale waliozika peke yao ulikuwa mkali kuliko wa wale waliotozwa faini. Kwa hiyo huku kwetu hatukuwa na ukaidi wa pekee.

Kuchongea, hata hivyo, kunauma zaidi katika mji wa vichochoro. London huenda humjui jina jirani wa ghorofa ya juu. Lamu, askari akija moja kwa moja hadi mlango wako kati ya milango mia inayofanana, unajua kuna aliyemwelekeza, na utaanza kuwatazama watu wa msikitini mmoja mmoja. Ugonjwa utaisha na shaka hiyo itabaki.

Nakumbuka hitima moja mtaani kwetu mwaka ule, ya mtu mzima aliyependwa sana. Ilisomwa baada ya laasiri, na waliokuja walizidi idadi, sitadanganya. Mzee wa mtaa akapata habari. Alikuja peke yake, barakoa usoni, akasimama nje ya daka akapiga hodi, na alipoambiwa karibu akasema hapana, hapa panatosha. Hakuuliza wapo wangapi. Alimwita mwenye msiba, akampa mkono wa pole kwa mbali, kifuani, akamwambia: Bwana, Mungu amrehemu marehemu, watu wamekwisha soma, watoke wawili wawili kabla ya saa moja, na wale wazee watangulie. Kisha akakaa kwenye kiti cha daka. Watu wakaanza kutoka, wawili wawili, kila mmoja akimwamkia anapopita, na kijana wa nyumba akamletea kahawa hapo hapo nje, akaweka kikombe mwisho wa jiwe na kurudi nyuma hatua mbili.